Manyani wa Adili na mlango wa kurudia

Leo naomba unifuate kwenye kitabu ambacho hakikuandikwa na padri wala mchungaji. Kiliandikwa na Mwislamu wa Tanga, Shaaban Robert, kikachapishwa mwaka 1952, na kimepita mikononi mwa wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki. Kinaitwa Adili na Nduguze. Ni kitabu chembamba. Mtu aliyetoka ibada ya asubuhi anaweza kukimaliza kabla jua halijazama, ikiwa wageni hawatamfikia.

Ndani yake yupo liwali wa mji wa Janibu. Jina lake ni Adili, na mwenendo wake unafanana na jina. Mfalme wake, Rai, alimtuma mjumbe aitwaye Ikibali kwenda huko kufuatilia kodi. Wenye vibanda mnadani wanajua kwamba mtu aliyetumwa kufuatilia kodi halali usingizi mzito. Basi usiku Ikibali aliona jambo ambalo halikuwa katika hesabu zake. Liwali aliamka, akachukua mjeledi, akaenda mahali walipofungwa manyani wawili, akawapiga. Alipokwisha kuwapiga akalia. Alipokwisha kulia akawalisha na kuwabembeleza, kisha akarudi kulala. Usiku uliofuata mambo yakawa yale yale.

Wasomee watoto sehemu hii uone watakavyocheka. Kiongozi wa serikali, mtu anayeamua kesi za watu mchana, usiku anatandika nyani halafu anambembeleza! Mtu mzima naye hucheka, lakini kicheko chake hukatika katikati, kwa kuwa punde tunaambiwa manyani wale ni nani. Ni ndugu zake. Ni watoto wa baba yake.

Majina yao ni Hasidi na Mwivu. Hapo nadhani Shaaban Robert alitaka tucheke kwanza kabla hajatuumiza. Mzazi gani anamchukua mtoto mchanga, anamtazama usoni, anamwita Mwivu? Huku kwetu Usukumani tunawaita watoto kwa walivyokuja duniani, Kulwa na Dotto wakiwa mapacha, na Shija akiwafuata. Tunao pia akina Makoye, jina lenye maana ya matatizo, na wengi wao ni watu wa heshima wasio na tatizo na mtu. Jina la kuzaliwa mtu huweza kulizidi. Jina gumu ni lile analopewa ukubwani, baada ya kosa, na kijiji kizima.

Hasidi na Mwivu walikosa kweli, tena si kosa dogo. Walitumia urithi wao ukaisha, wakarudi mikono mitupu, na Adili akawapokea na kuwasaidia. Wakasafiri pamoja kwa bahari. Huko safarini Adili alimpata mchumba, Mwelekevu, na wivu ukawaka. Wakamtosa ndugu yao majini. Aliyemwokoa ni Huria, jini ambaye Adili alikuwa amemwokoa zamani, na Huria ndiye aliyewageuza wale wawili kuwa manyani. Akamwamuru Adili awapige kila usiku, akimwonya kwamba asipofanya hivyo adhabu itamgeukia yeye mwenyewe. Kwa hiyo liwali hakuwa akipiga kwa kupenda. Alikuwa akitekeleza amri, huku machozi yakimtoka.

Kabla hatujatoka Janibu, ona mambo mawili ambayo watu hupita bila kuyatazama.

La kwanza, hadithi hii ina ndugu yake wa kale katika Alfu Lela Ulela. Kule liwali ni wa Basra, na ndugu zake wamegeuzwa mbwa. Mambo yanakwenda karibu sawasawa, mpaka mwisho. Katika ile ya kale ndugu wanasamehewa, wanarudishwa utu wao, kisha wanajaribu tena kumuua ndugu yao, nao wanauawa kwa hukumu ya Khalifa. Hadithi inafungwa na wasikilizaji wanakwenda kulala wakiwa wameridhika: tulisema sisi, mbwa ni mbwa. Shaaban Robert hakukubali mwisho huo. Katika kitabu chake ndugu wanarudi kuwa watu, wanatubu, na wanabaki watu. Aliichukua njia ya kale, akaiacha pale ilipokuwa ikielekea kwenye mti wa kunyongea. Mimi naamini hapo ndipo kitabu chote kilipo.

La pili, nyani hawezi kuomba radhi. Fikiri jambo hilo taratibu. Adhabu ile ilikuwa na kasoro moja kubwa, kwamba iliwanyang'anya wakosaji mdomo. Hata kama Hasidi alijuta tangu usiku wa kwanza, angesemaje? Hata kama Mwivu alitamani kumwambia ndugu yake kwamba yale ya baharini yanamtesa kuliko mjeledi, angetumia lugha gani? Wangeweza kupigwa miaka mia na pasitoke neno moja la toba, na sisi tungesema, unaona, hawajuti. Walihitaji kurudishwa utu ndipo waweze kutubu. Sisi tunataka kinyume chake. Tunamwambia mtu atubu kwanza, tena tuone, tena tuhakikishe, halafu labda tutamhesabu kuwa mtu.

Tukitoka Janibu tunarudi Nkololo, na hatutaona mabadiliko makubwa ya hali ya hewa.

Mchukue mtu mmoja ambaye simtaji jina kwa sababu hana jina moja. Kila kijiji kina wake. Aliiba ng'ombe. Mwano ukapigwa, vijana wakafuata nyayo, akakamatwa na ng'ombe wa watu. Akapelekwa mahakamani Bariadi, akahukumiwa, akafungwa, akatumikia kifungo chake chote. Sasa amerudi. Amelima ekari zake mbili za pamba kama watu wengine, na Jumapili anakuja kanisani. Hukaa karibu na mlango. Wakati wa kupeana amani, wale walio jirani naye humpa ncha za vidole. Zamu ya jumuiya kusali nyumba kwa nyumba inafika kwa jirani yake wa kulia, wiki inayofuata inafika kwa jirani yake wa kushoto. Hakuna aliyetangaza kwamba nyumba yake irukwe. Inarukwa tu, kama shimo barabarani ambalo kila mwendesha baiskeli analijua.

Kuku akipotea, watu hawaangalii kichakani kama kuna kicheche. Wanaangalia upande wa nyumba yake. Kicheche naye, nadhani, ameshajua kwamba Nkololo kuna mtu wa kumbebea lawama, na anakula kwa amani.

Lakini ukifika mchango wa mabati ya kanisa, jina lake limo kwenye daftari, tena kwa mwandiko mzuri. Fedha zake hazijawahi kuiba ng'ombe. Fedha zake zinapokelewa kwa mikono miwili, zinashukuriwa, zinaandikiwa risiti. Ni mikono yake tu ambayo haijatoka gerezani.

Nakuomba usinielewe vibaya. Siandiki haya kumcheka aliyeibiwa. Wazee wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 jinsi wizi wa ng'ombe ulivyowachosha watu wa Usukuma mpaka sungusungu wakaanzishwa, na jinsi watu waliokuwa wakilala zizini na mikuki walivyoanza kulala vitandani. Anayesema ng'ombe ni mnyama tu hajaishi huku. Ng'ombe ni ada ya shule ya mtoto, ni mahari ya kijana, ni plau ya kulimia, ni dawa ya mgonjwa. Mtu akikuibia ng'ombe watano amekuibia miaka. Yupo baba ambaye binti yake alirudi nyumbani kutoka sekondari kwa sababu ya usiku mmoja, na binti huyo sasa ana watoto na hakurudi tena darasani. Ukimwambia baba huyo asamehe, mwambie polepole, na uwe tayari kukaa naye kimya muda mrefu.

Hata hivyo mila zetu zenyewe ziliweka mwisho. Mtu aliyetengwa na kijiji aliishi maisha magumu: hasalimiwi, haazimwi kitu, hapewi hata moto wa kuwashia jiko. Lakini palikuwa na mlango wa kurudia. Alikiri kosa, akalipa faini aliyowekewa, akasalimiwa tena. Mahakama nayo ina hesabu. Hakimu husema miaka mingapi, na siku ya mwisho mlango hufunguliwa. Adhabu isiyo na hesabu ni moja tu, ile tunayoitoa sisi wenyewe tukiwa tumekaa nje ya kanisa baada ya ibada, tukinong'ona. Hiyo haina hakimu, haina faini, haina tarehe ya kutoka, na haina rufaa.

Mtume Paulo aliliona jambo hili katika kanisa la Korintho. Kulikuwa na mtu aliyekosa, na washirika wengi wakamwadhibu. Fungua Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 2, kuanzia aya ya 5. Paulo hasemi kwamba mtu yule hakukosa. Wala hasemi kwamba walikosea kumwadhibu. Anawaambia kwamba aliyoyapata kutoka kwa walio wengi yanatosha. Sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni iliyopita kiasi. Halafu anaongeza sababu ambayo mahubiri mengi huiruka: wafanye hivyo ili Shetani asipate nafasi ya kuwashinda, kwa maana hila zake zinajulikana. Shetani huingia kwa dhambi, ndiyo. Lakini Paulo anasema anaweza kuingia pia kwa mlango wa adhabu iliyokosa kikomo. Nimewahi kuona makanisa yanayofanya mkesha kumfukuza Shetani, na mlango huo umeachwa wazi usiku kucha.

Tazama tena Adili mwenyewe. Yeye ndiye aliyekosewa. Yeye ndiye aliyetoswa baharini. Na adhabu ya ndugu zake imemfanya nini? Imemfanya mfungwa wa saa yake ya usiku. Hawezi kulala moja kwa moja, hawezi kukaa na wageni bila kuwaza ule mlango uliofungwa, hawezi kumweleza mtu. Ndugu wawili wamefungwa minyororo, wa tatu ameshika mjeledi, na sijui nani kati yao watatu yuko huru. Ukimtazama aliyekosewa anayemchapa mkosaji wake kila usiku moyoni, miaka kumi, miaka ishirini, utaona naye mkono umekufa ganzi. Mjeledi ni kazi nzito, na kesho yake shamba linamsubiri.

Kuna anayesema, basi nimpe na funguo za zizi? Hapana. Msamaha haukuondolei akili. Zakayo wa Luka sura ya 19 alisimama akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na hakuna mahali tunaposoma kwamba watu wa Yeriko walimkatalia kwa kuwa ni watakatifu mno kupokea. Anayerudi na arudishe, kwa kiasi anachoweza, hata kama ni siku za kumsaidia palizi aliyemuibia. Lakini angalia mpangilio wa sura ile. Yesu alimwita kwa jina kwanza. Alimwambia ashuke mtini, na kwamba leo atashinda nyumbani kwake. Ahadi ya kulipa ilikuja baada ya mgeni kukubali kuingia kwake. Wanung'unikaji walikuwa na jina jingine kwa ajili ya Zakayo, nalo lilikuwa la kweli, alikuwa mwenye dhambi. Yesu alichagua lile aliloitwa na mama yake.

Sasa, nani alimaliza mambo ya Janibu? Hapa kitabu kinanifurahisha zaidi. Si Adili; yeye alikuwa amefungwa na amri. Si manyani, wao hawakuwa na mdomo. Alianza Ikibali, yule mfuatiliaji wa kodi, mtu ambaye hakuna aliyemtarajia kuleta habari njema. Angeweza kukusanya kodi akaondoka, akisema ya nyumba ya mtu ni ya nyumba ya mtu. Aliona, akaenda kusema. Kisha mfalme Rai akamwita Adili, akamsikiliza mwanzo hadi mwisho, akaandika barua. Barua, msomaji wangu! Si jeshi, si maombi ya kufunga siku arobaini. Mtu mwenye heshima aliandika kwa wale wenye amri ya majini akiwaombea watu ambao hawakumstahili, na ndugu wawili wakarudi kusimama kwa miguu yao.

Nchi yetu ina barua ya namna hiyo. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kutoa msamaha kwa waliohukumiwa, na mara nyingi tumesikia wafungwa wakitangaziwa msamaha siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, au siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili. Redio inatangaza idadi, tunasikiliza, tunasema Rais ana huruma. Wiki ile ile mmoja wao anashuka kwenye basi Bariadi na mfuko wa plastiki mkononi, anapanda pikipiki kuja kijijini, na dereva wa bodaboda akishamtambua anaanza kumuuliza kama nauli anayo kweli. Barua ya Rais inafungua geti la gereza. Haina nguvu juu ya benchi la kanisa. Hiyo inahitaji barua nyingine, na mwandishi wake hawezi kuwa Rais. Ni lazima awe mtu anayejulikana hapa hapa, mwenye ng'ombe wake, mwenye neno lake katika jumuiya, ambaye akisema watu hugeuka kumsikiliza.

Wajibu huo nauweka kwanza kwa wazee wa kanisa, makatekista, viongozi wa jumuiya na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Ninyi mna sauti. Yule aliyekaa mlangoni hawezi kusimama siku ya matangazo akasema, jamani, zamu iletwe na kwangu. Tutasema ana haraka, tutasema ana jambo. Mwathirika naye tusimtwishe mzigo wa kuanza, Adili hakuanza. Tunaoweza kuanza ni sisi tulioona, ambao hatukuibiwa wala hatukuiba, na ambao kwa miaka yote hii tumekuwa na kazi moja ya kutazama tu. Anza hata na jambo dogo. Panga zamu ya sala ipite kwake bila kuitangaza kama muujiza. Likitokea jeneza la kubeba, mwite kwa jina lake, lile la kuzaliwa. Na kabla ya hayo yote nenda kwa aliyeibiwa, ukae, umsikilize, umuulize anahitaji nini kirudishwe.

Agano Jipya lina barua fupi iliyoandikwa kwa sababu kama hii. Inaingia kwenye ukurasa mmoja, na katika Biblia yako huenda kurasa zake zimegandana kwa kutofunguliwa. Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Filemoni kumwombea Onesimo, mtumwa aliyetengana na bwana wake. Anamwomba ampokee, tena si kama mtumwa bali kama ndugu. Kwa habari ya hasara, anasema kama Onesimo anadaiwa chochote, kiandikwe juu yake Paulo, atalipa yeye. Na ili jambo lisibaki kwenye maneno, anaweka saini ya mkono wake mwenyewe.

Halafu, karibu na mwisho, katika aya ya 22, kuna ombi ambalo huwa linanichekesha kila nikilisoma, maana namwona Filemoni akilisoma mara mbili na kumwita mkewe aje aone. Paulo anamwomba amwandalie na chumba cha kulala, kwa kuwa anatumaini atafunguliwa, na atakuja mwenyewe.